Mikanda ya Mapajani

Khitma ya shangazi Mize tuliisoma Jumamosi iliyopita, katika ukumbi wa jumuiya hapa Tottenham, ule wenye mazulia ya kijani na hita zinazonguruma bila kutoa joto. Dua ilipokwisha na wanawake wakaanza kujipanga kwa ajili ya pilau, bibi mmoja nisiyemkumbuka jina alinishika kiwiko, akamgeukia mwenzake na kumwambia, kwa sauti ya mtu ambaye masikio yameanza kumwacha, "Ndiye huyu, yule wa Mize aliyekuwa akikwea miti." Mwenzake akanitazama usoni, kisha macho yakashuka taratibu, yakatua mapajani. Mimi ni mtu mzima. Nina kampuni yangu ndogo ya kukata miti, nina vijana wanaonisikiliza nikisema shuka. Lakini pale pale mkono ulikwenda wenyewe kulivuta buibui lishuke, na lilikuwa limeshafika kwenye viatu. Masikio yalinichoma. Nikasema, "Ndiye mimi, bibi," nikaenda jikoni kujitia kuosha sinia ambazo hakuna aliyeniomba nizioshe, na huko jikoni, mikono ndani ya povu, nikaurudia mwaka ule wote.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikilala chumba kimoja na Nasra, binti wa shangazi, katika fleti ya kaunsili, zile nyumba zinazopangishwa na halmashauri. Nilifikaje London si kisa cha kueleza. Kila Mpemba wa hapa anacho chake, na ukisikia kimoja umesikia nusu ya vyote. Nitaeleza sebule, maana sebule ndiyo iliyokuwa nyumba yenyewe. Dirishani ilikaa cherehani ya shangazi, na kuizunguka zilining'inia nguo za watu: magauni ya kanisani ya akina mama wa Kikongo, sare za skuli za kupunguza pindo, siku nyingine shela la bibi harusi ambalo hatukuruhusiwa kupita karibu yake na chai. Kila kitu kilikuwa na nyuzi. Ulikuwa ukikaa kwenye kochi unainuka na nyuzi, ukila wali unatoa uzi mdomoni. Shangazi alishona tangu baada ya sala ya asubuhi mpaka Nasra aliporudi skuli, na mshono wake ulikuwa mdogo na ulionyooka hivi kwamba watu walipanda basi kutoka mbali kumletea nguo.

Mimi nilikuwa naburuta matawi. Wakala wa vibarua alinipeleka kwenye kampuni ya kukata miti ambayo yadi yake ilikuwa Hayes, pale ambapo ndege hupita chini mpaka mtu anakatiza maneno yake na kungojea. Kazi yangu ilikuwa kuyakusanya matawi yanayoangushwa na wapandaji na kuyalisha kwenye mashine ya kuyasaga. Siku moja, kwenye bustani ya nyumba moja Stanmore, kamba nyembamba ya kurushia ilinasa kwenye mti wa mcheri, na wanaume wakasimama kuitazama wakijadiliana. Nilivua buti, nikapanda, nikainasua, nikashuka. Colin, msimamizi wetu, mtu mnene wa maneno machache, aliniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia kwenye mikarafuu. Hakuijua. Nikamwambia ni ile misumari midogo myeusi mnayoitia kwenye pai ya tofaa, ile ina mti wake, na mimi nimekulia juu yake. Alicheka, kisha akasema jambo lililobadilisha mwaka wangu: angenitia kwenye mafunzo ya kupanda kwa kamba, na mwisho wa majira ya kuchipua ungekuja mtihani. Nikifaulu, ningekuwa mpandaji. Nikishindwa, ningerudi kwenye matawi na nafasi angepewa mwingine. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimekaa ndani ya treni huku natabasamu na watu wasionijua, jambo ambalo hapa London humfanya jirani yako ahame kiti.

Nilidhani ninajua kukwea. Sikujua kitu. Kwenye mkarafuu unapanda kwa nyayo na vidole, na mti wenyewe ndio unaokushika. Huku hupandi kwanza, unakaa kwanza. Unavaa hanesi, yaani mkanda mpana wa kiuno na mikanda miwili inayozunguka mapaja, na mbele yake kuna kipande kifupi cha kamba wanachokiita daraja, kinachokuunganisha na kamba kuu inayoning'inia kutoka juu. Ukiiweka sawa, unakaa hewani kama uko kwenye kiti na mikono miwili iko huru kufanya kazi. Ukiiweka vibaya, inakukata nyonga, inakupindua kichwa chini miguu juu, na baada ya muda miguu inakufa ganzi. Hanesi niliyopewa na Colin ilikuwa ya mwanamume mkubwa aliyeacha kazi, na kila kona yake ilikuwa bado inamkumbuka mwenyewe.

Basi miezi ile niliitumia kuifundisha hanesi mwili mpya. Colin alikuwa na sharti moja: usipande mpaka ukae. Wakati wa mapumziko, wenzangu wakila mikate yao, mimi nilining'inia kwenye mti wa yadini, kimo cha unyayo mmoja tu juu ya ardhi, nikitafuta panapouma. Nililivuta daraja kuwa fupi, mzigo ukakaribia kitovu, mgongo ukanyooka. Nilikata bomba kuukuu la maji nikalivisha kwenye kitanzi cha kukanyagia ili kibaki wazi na mguu ukiingie bila kutazamwa. Kilichonisumbua zaidi ni fundo la kushika, lile linalopaswa kuteleza ukilishika na kuuma ukiliacha. Ukilizungusha mara chache linakuangusha kidogo kidogo, ukilizidisha linagoma kabisa na kukuacha umekwama huko juu kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Nilibadilisha uzi mwembamba kwa mnene, mnene kwa laini, mpaka siku moja lilinishika na kuniachia nilivyotaka, nikapiga kelele ya furaha na ndege ikapita ikaimeza.

Lakini kuna jambo nililolijua tangu siku ya kwanza na sikumwambia mtu. Mikanda ya mapajani hukaza suruali na kuichonga. Hupita chini ya makalio na kuyainua, hupita mbele na kuonyesha kila ambacho mtu hulelewa kukificha, na wewe uko juu, na walio chini hawana pa kutazama ila juu, kwani ndiyo kazi yao. Hakuna aliyenikosea adabu. Colin alikuwa anakagua vifungo vya mikanda ya mapaja yangu kama fundi anavyokagua tairi. Hilo halikunisaidia. Kila nilipoivaa nilisimama nimevuka mikono mbele, nikingojea ifike zamu yangu ili nipande haraka niingie kwenye majani. Nilijaribu kuvaa sketi juu ya suruali, ikaingia kwenye fundo na kulikwamisha, na Colin akanikataza: hakuna kitambaa kinacholegea karibu na fundo, hata shali. Nilijaribu sweta refu, mkanda ukalikusanya lote kiunoni.

Shangazi aliiona hanesi Jumapili moja mchana. Nilikuwa sebuleni naijaribu baada ya kuipunguza kiuno, nikijua yuko kwa jirani, akafungua mlango na mfuko wa vitunguu mkononi.

"Astaghfirullah! Riziki, hichi nini ulichokivaa?"

"Ndiyo ya kazini, shangazi."

Alinizunguka. Sijawahi kuzungukwa polepole vile. "Yaani unakwenda juu ya mti, wanaume wako chini, na hivi ndivyo ulivyo?"

"Mum, she's got trousers on," alisema Nasra kutoka kwenye kochi. "It's health and safety."

"Wewe nyamaza. Suruali si stara." Akaviweka vitunguu mezani, akakaa kwenye kiti cha cherehani, akanitazama usoni, si kwingine. "Mwanangu, mie sikukatazi kazi. Hapa sote twafanya kazi, wengine wanaosha wazee wa watu, wengine wanapakua mizigo usiku kucha. Lakini humu mwangu hatoki mwanamke bila ya stara yake. Ukiweza kukwea na ukasitirika, kwea. Huwezi, tafuta kazi nyengine, au tafuta nyumba nyengine."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana nilijua hatanii. Nilikwenda chumbani nikaivua nikiwa nimegeukia ukuta. Wiki zile hatukuizungumza tena. Nilikuwa naitoa nyumbani ndani ya begi na kuirudisha ndani ya begi, na shangazi alikuwa akilitazama begi kila lilipopita. Nilisikia siku moja akimwambia mtu kwenye simu, "Mtoto hana kosa, kosa la aliyekibuni kitu chenyewe, hakuwa na mama." Nilicheka kimya kimya, kisha kicheko kikanikauka. Nilikuwa nautaka mti na nilikuwa namtaka shangazi, na sikuona njia ya kupita na vyote viwili mlango mmoja.

Asubuhi ya mtihani alinikabidhi begi likiwa limeshafungwa zipu. Alikuwa na uso wa mtu anayeficha zawadi. "Usilifungue mpaka ufike," akasema, na akanisomea dua kichwani, jambo ambalo hakuwa akilifanya kwa safari za Hayes. Mtihani ulikuwa kwenye msitu mdogo upande wa Stanmore. Nililifungua begi nyuma ya gari la kampuni, na nikaona alichokifanya. Kwenye mkanda wa kiuno, na kufuata mikanda ya mapajani, alikuwa ameshona vipande viwili vya kitambaa cha gabadini nyeusi, kimoja mbele, kimoja nyuma, vimekunjwa marinda na kuishia magotini, vimepasuliwa pembeni ili mguu uinuke. Hakukuwa na kitu kinacholegea karibu na fundo. Alikuwa amesikiliza kila nilichomlalamikia Nasra mezani miezi yote ile, nami nikidhani anahesabu vijiko. Niliivaa. Nilitembea mpaka walipo wenzangu na mikono yangu ilikuwa imening'inia ubavuni, na sikuwa nimesimama hivyo mbele ya wanaume tangu niianze kazi ile.

Mkaguzi alikuwa mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Alipita kwa kila mmoja akishika na kuvuta, na alipofika kwangu akasimama. Aliniomba niivue. Akaitandaza juu ya meza ya kukunja, wenzangu wakasogea, akapitisha kidole gumba kwenye ule mshono mdogo ulionyooka. Aliukunja mkanda mpaka matundu ya sindano yakafunguka, akauinua kwenye mwanga.

"Nani amefanya hivi?"

"Shangazi yangu."

"Kwa mashine?"

"Kwa mashine, ndiyo. Ni fundi."

Kijana mmoja alianza kucheka, akajikohoza. Mkaguzi alieleza bila kuninunia. Nguvu ya mkanda ule ni nyuzi zake za ndani, kila sindano ikipita inakata kadhaa, na hakuna mtu duniani anayeweza kujua zimebaki ngapi. Hakirekebishwi kitu cha namna hiyo. Akatoa mkasi. Kitu kilichokataliwa, alisema, hakitupwi kizima, asije mwingine akakiokota na kukiamini. Akaukata mkanda wa kiuno, akaukata wa paja la kulia, akaukata wa kushoto, na gabadini ikabaki inaning'inia kwenye vipande kama nguo ya mtoto. Nilitamani ardhi ipasuke. Colin aliinua pindo moja, akaligeuza, akasema, "Mshono mzuri, lakini." Alikuwa anataka kunifariji. Angenitukana ingekuwa nafuu. Nilisimama pale na suruali yangu tupu, na sikujionea aibu mimi. Niliionea aibu kazi ya mikono ya shangazi, iliyolazwa mezani mbele ya watu wasiomjua, ikiitwa kosa. Aibu ya mwili niliizoea baadaye, mtu huzoea. Hii ya meza ile bado inaniamsha.

Mkaguzi alikubali kunitazama tena mwezi uliofuata, mara hiyo moja tu. Nilirudi na vipande ndani ya begi kwa sababu sikuweza kuviacha kwenye pipa la msituni. Ndani ya treni nilitunga uongo wa kila aina: kwamba mvua imenyesha, kwamba mtihani umeahirishwa. Nilipofungua mlango nilikutana na harufu ya bokoboko. Bokoboko ni chakula cha kukorogwa nusu siku, hapikiwi mtu bila sababu. Nasra alikuwa ametandika ule mkeka mzuri. Shangazi hakuuliza kama nimefaulu, aliuliza anachokijali fundi. "Imekukaa vizuri?" Na kabla sijajibu alikuwa ameshalivuta begi, amelifungua, na kipande cha kwanza kiko mkononi mwake.

Alikiangalia pale kilipokatwa. "Nani kaikata?"

"Mkaguzi, shangazi."

"Kwa sababu ya nguo? Hawataki stara?"

Hapo ndipo ningeweza kusema ndiyo, na angewalaani Wazungu, na tungekula. Lakini angeishona nyingine. "Si nguo," nikasema. "Ni sindano. Inakata nyuzi za ndani. Ule mkanda usingenishika."

"Usingekushika vipi?"

"She means she'd have fallen, Mum," Nasra akasema polepole. Shangazi alimwelewa Nasra siku zote, hata alipojitia hamwelewi. Alikaa chini juu ya mkeka, kipande kikiwa bado mkononi, na akaanza kuifumua gabadini kwa kucha, uzi mmoja mmoja, kana kwamba bado kuna la kuokoa. "Nilitia uzi wa mara mbili," alisema. "Nikasema usije ukafumuka." Hatukula. Bokoboko iliganda kwenye bakuli, na Nasra akaifunika sahani.

Cherehani ilifunikwa kanga kwa siku nyingi. Mama mmoja wa Kikongo alikuja kuulizia gauni lake, nikamsikia shangazi mlangoni akimwambia kwamba mashine inaumwa. Hiyo mashine haikuwa na ugonjwa. Ndani ya fleti ile tulipishana kama wageni, yeye akinikwepa macho, mimi nikimkwepa yeye, na nadhani kila mmoja alidhani ndiye mwenye aibu peke yake. Kazini, Colin alinitafutia hanesi ndogo ya mwanamke, nami nikaanza upya: daraja, kitanzi, fundo, unyayo mmoja juu ya ardhi. Haikuwa na gabadini wala chochote. Ilikuwa mikanda mitupu.

Asubuhi ya mtihani wa pili nilipita sebuleni na begi nikinyatia. Shangazi alikuwa amekaa kitini pake dirishani.

"Ivae," akasema.

"Shangazi, ukitaka naacha. Narudi kwenye matawi, au natafuta kazi nyengine. Kweli."

"Nimekuuliza hayo? Ivae nione."

Niliivaa mbele yake, juu ya suruali, uso ukiniwaka. Akapiga magoti kwenye zulia. Mwanamke yule ambaye alikuwa akinitazama usoni tu ili asitazame kwingine, aliingiza vidole vyake baina ya mkanda na paja langu. "Wanasemaje, uwe vipi?" Nikamwambia kiganja bapa kipite, ngumi isipite. Akakunja ngumi, akajaribu, ikapita. "Huu umelegea," akasema, akaukaza kwenye kifungo mpaka nikaguna, kisha akahamia wa pili. Nilifaulu siku ile. Ya mtini nayakumbuka kidogo sana. Nakumbuka alama za vidole vyake pajani, nilizozihisi mpaka Stanmore.

Lakini nyumba si mtu mmoja, na nilijua maneno yatafika. Yalifika Idi pili. Wanawake walijaa sebuleni, mimi na Nasra tuko jikoni tunapanga visheti na kaimati, na mlango ukiwa wazi nikaisikia sauti ya Bi Zuwena, mke wa mtu aliyekuwa akiendesha basi upande wa Stanmore.

"Mize, nikwambie kwa kukupenda. Mume wangu kampita yule mtoto wako juzi. Kaning'inia juu ya mti, mikanda imembana mapaja, wanaume wamepanga foleni chini wanamtazama. Na wewe huoni haya?"

Nasra aliacha kaimati hewani. Nilishika ukingo wa sinki, na damu yote ikanipanda usoni, nikawaza kwamba sasa atanikana, na ana haki.

"Naona haya," alisema shangazi. "Naona haya sana, Zuwena. Mikanda ile niliifunika mimi kwa mkono wangu, ili watu kama mumeo wasione kitu. Nusura nimuue mtoto." Nikasikia kikombe kikiwekwa chini. "Sasa kila alfajiri, yeye kalala, naitoa kwenye begi naikagua mshono kwa mshono. Ile ndiyo inayonirudishia mtoto nyumbani. Basi mwambie mumeo, akimuona tena juu ya mti asitazame mapaja. Atazame kama imekaza."

Sikuwa najua habari ya alfajiri. Nilikuwa nikidhani begi ninalifunga vibaya, kwani kila asubuhi nililikuta zipu imeelekea upande mwingine. Nasra alinisukuma kwa kiwiko, akanong'ona kwamba kahawa inapoa, na mimi sikuweza kusogea, kwa aibu ya kumdhania shangazi yangu vile. Nilingoja mpaka vikombe vikaanza kugongana tena. Kisha nikainua sinia, nikaingia, nikainama mbele ya Bi Zuwena, nikammiminia kahawa yeye kwanza.